David Sheldrick: Msimamizi wa kwanza wa Tsavo Mashariki na ndovu aliokataa kuwapunguza kwa risasi

Msafiri atokaye Mombasa kuelekea Nairobi kwa barabara kuu, akishaupita mji wa Voi, aghalabu huwaona ndovu wekundu wakijimwagia vumbi karibu na tuta la reli. Rangi hiyo si yao. Ni ya udongo wa Tsavo, ambao hupaka kila kitu, kuanzia ngozi ya mnyama hadi nguo za abiria aliyesahau kufunga dirisha. Upande wa kulia wa barabara ndiko iliko Mbuga ya Kitaifa ya Tsavo Mashariki, yenye ukubwa wa kilomita mraba 13,747. Upande wa kushoto, Tsavo Magharibi yenye kilomita mraba 9,065. Mbuga hizo mbili zimechukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta. Kwa sababu hiyo, katika kaunti hii mazungumzo kuhusu wanyamapori hayatengani na mazungumzo kuhusu maji, malisho, mashamba na usalama wa mtoto anayekwenda shule alfajiri.

Maamuzi mengi yaliyoipa ardhi hiyo sura iliyo nayo leo yalipitia mikononi mwa David Sheldrick, aliyeisimamia Tsavo Mashariki kwa karibu miaka 28 tangu mbuga ilipoanza. Alifariki mwaka 1977, na wengi wa wanaolitaja jina lake siku hizi wanalijua kutokana na kituo cha ndovu yatima kilichoko Nairobi. Kituo hicho kilianzishwa baada yake, kwa kumbukumbu yake. Kazi yake mwenyewe ilikuwa nyingine, ilikuwa ngumu zaidi, na baadhi yake ingali inajadiliwa.

Sheldrick alizaliwa Novemba 1919 mjini Alexandria, nchini Misri, kwa wazazi Waingereza, akaletwa Kenya angali mtoto, akakulia katika familia ya walowezi wakulima. Alisomea Uingereza kisha akarejea. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka alijiunga na kikosi cha King's African Rifles, akapigana Uhabeshi na baadaye Burma, akapanda hadi cheo cha meja. Vita vilipokwisha alifanya kazi kwa muda katika safari za uwindaji wa watalii, biashara iliyokuwa na heshima kubwa zama hizo. Yule ambaye angekuja kujulikana kwa kuwalinda ndovu, basi, aliwajua kwanza kwa njia ya bunduki, kama walivyowajua wasimamizi wengi wa mbuga wa kizazi chake.

Serikali ya kikoloni ilitangaza Tsavo kuwa mbuga ya kitaifa mwezi Aprili 1948, miaka miwili baada ya Mbuga ya Nairobi. Eneo hilo halikuchaguliwa kwa uzuri wake. Lilichaguliwa kwa sababu lilikuwa kame, limejaa mbung'o na vichaka vya miiba, na hakuna mlowezi aliyelitaka kwa kilimo. Umaarufu wake pekee ulikuwa wa simba waliowala wafanyakazi wa reli mwaka 1898, sifa ambayo haikuwa ya kumvutia mgeni. Kwa kuwa eneo lilikuwa kubwa mno kwa msimamizi mmoja, liligawanywa mara mbili, mashariki na magharibi. Sheldrick, akiwa hajatimiza miaka 30, akapewa mashariki, makao yake yakiwa Voi.

Alichokabidhiwa kilikuwa ramani zaidi kuliko mbuga. Hapakuwa na barabara za kuingilia, wala nyumba za askari, wala maji ya kutegemewa mbali na Mto Galana na vidimbwi vya msimu. Yeye na vibarua wake walifyeka njia kwa mapanga na mashoka, wakajenga makao, wakafungua barabara za vumbi zilizofika hadi mtoni na kwenye mwamba wa Mudanda, ambako ndovu hushuka kunywa maji kwa mamia wakati wa kiangazi. Mwaka 1952 bwawa la Aruba lilikamilika katika Mto Voi. Kazi hizi hazina mvuto wa kusimuliwa, lakini barabara nyingi anazopitia mtalii wa leo ndizo hizo.

Punde si punde aligundua kwamba ndani ya mbuga yake mlikuwa na watu walioijua kuliko yeye. Waata, ambao majirani zao waliwaita Waliangulu, walikuwa wamewinda ndovu katika nyika hiyo kwa vizazi. Walitumia pinde ndefu ambazo kuzivuta kulihitaji nguvu ambazo mtu asiyezoea hana, na mishale iliyopakwa sumu iliyochemshwa kutokana na miti ya porini. Ndovu akichomwa mahali panapostahili hakwenda mbali. Kwa Waata nyama ya ndovu ilikuwa chakula, na uwindaji ulikuwa kipimo cha utu uzima. Pembe, hata hivyo, zilikuwa na wanunuzi wa pwani, na kadiri bei ilivyopanda ndivyo mizoga ilivyoongezeka. Jamii nyingine jirani nazo zilikuwa na wawindaji wao. Mstari uliochorwa mwaka 1948 uliwafanya wote kuwa wahalifu katika ardhi waliyoiona kuwa yao.

Sheldrick aliliendea jambo hilo kama mwanajeshi. Aliunda kikosi cha askari waliokaa porini kwa majuma badala ya kusubiri taarifa kituoni, na akaweka kumbukumbu za kina za wawindaji, ndugu zao, maficho yao na njia zao za kufikisha pembe sokoni. Katika miaka ya 1956 na 1957, yeye, Bill Woodley na wenzao waliongoza operesheni kubwa iliyovuka mipaka ya mbuga na kuwafuata wawindaji hadi vijijini mwao. Mamia walikamatwa na kufungwa. Kwa upande wa ndovu matokeo yalikuwa ya haraka: uwindaji wa mishale ulivunjika nguvu, na kwa miaka zaidi ya kumi Tsavo ikapata utulivu ambao haikuwahi kuujua tangu biashara ya pembe ilipoanza kushamiri.

Kwa upande wa Waata matokeo yalikuwa mengine. Jamii ndogo ilijikuta wanaume wake wengi wako gerezani, na maisha waliyoyajua yamepigwa marufuku bila mengine kuwekwa mahali pake. Baadhi ya waliowakamata waliliona hilo. Mwaka 1960 ulianzishwa mradi mashariki mwa mbuga, katika eneo la Galana, ambapo Waata wangeruhusiwa kuwinda idadi maalumu ya ndovu kihalali na kunufaika na mapato. Wazo lilikuwa la busara, pengine lililotangulia wakati wake kwa miaka 30. Gharama zilizidi mapato, na mradi haukudumu hata miaka 10. Ardhi ile ikageuzwa kuwa ranchi ya mifugo. Haiwezekani kuisimulia sifa ya Sheldrick kwa haki huku ukurasa huu ukirukwa. Uhifadhi wa Tsavo ulianza kwa kuwatoa porini watu walioyajua mapori hayo, na maswali yanayoulizwa leo kuhusu nani anufaike na wanyamapori wa kaunti yana mizizi humo.

Jambo lililofuata hakuna aliyelitarajia. Ndovu waliokuwa wakiuawa sasa waliishi, na wengine walikimbilia mbugani kutoka maeneo ya jirani ambako mashamba na makazi yaliongezeka. Ndovu mmoja mzima hula zaidi ya kilo 100 za majani, magome na matawi kwa siku. Maelfu ya ndovu waliobanwa katika nchi kavu walianza kuibadilisha. Mibuyu iliyosimama kwa mamia ya miaka ilichunwa magome na kutobolewa hadi ikaanguka. Vichaka vizito vya miiba, ambavyo hapo awali vilimfanya mgeni asione mnyama hatua 20 kutoka barabarani, vilipasuliwa na kukanyagwa. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Tsavo ndovu hawakupigana, walikula tu. Nyasi zikanawiri, na walioumia ni miti.

Pamoja na miti waliumia waliokula miti. Kifaru mweusi, ambaye Tsavo ilikuwa na maelfu yake pengine kuliko mahali pengine popote duniani, hutegemea vichaka. Katika ukame wa 1960 na 1961 vifaru wengi walikufa kwa njaa kandokando ya mto. Tandala mdogo na swala twiga walipoteza makao. Punda milia, choroa na nyati, ambao ni walaji wa nyasi, waliongezeka. Basi likazuka swali ambalo kila mhifadhi hulikabili kwa namna moja au nyingine: analinda mnyama, au analinda makao ya mnyama? Na mnyama anayelindwa akiwa ndiye anayeyaharibu makao hayo, achukue hatua gani?

Mwanasayansi Mwingereza Richard Laws alikuja Tsavo mwaka 1967 kuongoza utafiti. Ndovu 300 walikuwa tayari wamepigwa risasi mwaka uliotangulia ili miili yao ichunguzwe umri, uzazi na afya. Laws alihitimisha kwamba ndovu wamezidi uwezo wa ardhi, uzazi wao umepungua, na wasipopunguzwa wataangamiza miti kisha wafe wenyewe. Alitaka ndovu wengine wapatao 3,000 wauawe, kwanza kwa ajili ya utafiti, huku njia ikifunguliwa kwa upunguzaji mkubwa zaidi.

Sheldrick hakuanza akiwa mpinzani wa wazo hilo. Yeye pia alikuwa ameiona mibuyu ikianguka na kuingiwa na wasiwasi, na wale 300 wa kwanza waliuawa kwa ridhaa yake. Lakini kadiri alivyoitazama nchi ile aliyoiishi kwa miaka 20, ndivyo alivyoshawishika kwamba alikuwa akitazama kipande tu cha mzunguko mrefu. Aliona nyasi zikichipua mahali palipokuwa na miiba mitupu, chemchemi zikirudi, na wanyama wa nyasi wakifika mahali ambapo hawakuwahi kuonekana. Akaamini kwamba ndovu hufungua nchi, idadi yao hushuka kwa nguvu za maumbile, kisha miti hurudi. Aliona pia kwamba mbuga ya kitaifa ikishakuwa na machinjio ndani yake, na soko la nyama na pembe likishategemea machinjio hayo, haitarudi tena kuwa mbuga. Wadhamini wa mbuga za kitaifa walimuunga mkono. Laws aliondoka mwaka 1968, na mabishano kati ya kambi hizo mbili yakaendelea katika majarida ya kisayansi kwa miaka mingi.

Kisha mvua zikakosa. Katika ukame wa 1970 na 1971 ndovu wapatao 6,000 walikufa Tsavo Mashariki na maeneo yanayoizunguka. Hawakufa kwa kiu, maana Galana haukukauka. Walikufa kwa njaa, kwa kuwa malisho yote yaliyokuwa umbali wa kutembea kutoka mtoni yalikuwa yamekwisha. Wengi walikuwa majike na ndama. Dume huweza kwenda mbali peke yake kutafuta malisho akarudi baada ya siku kadhaa. Jike mwenye ndama hawezi, na kundi zima humngojea. Askari wa mbuga walizunguka miezi kadhaa wakikusanya pembe kutoka kwa mizoga.

Nani basi alikuwa sahihi? Laws alikuwa ametabiri vifo, na vifo vilikuja. Sheldrick alikuwa ametabiri kwamba maumbile yatapunguza bila msaada wa bunduki, nayo yakapunguza, kwa ukatili ambao hata yeye, anayesemekana hakupenda kuonyesha hisia, hakuweza kuutazama bila kuumia. Jambo moja linaweza kusemwa kwa yakini. Vifo vya ukame viliwachagua majike na ndama, na kwa hivyo uzazi ulishuka kwa miaka mingi baadaye. Risasi zingeua familia nzima bila kuchagua. Na miti ilirudi. Anayeitembelea Tsavo Mashariki sasa hukuta sehemu nyingi zimefunga tena kwa vichaka, ingawa ni vigumu kutenganisha sehemu ya jambo hilo iliyotokana na mzunguko alioutabiri Sheldrick na ile iliyotokana na ndovu kuwa wachache mno kwa sababu nyingine kabisa.

Sababu hiyo nyingine ndiyo iliyoitia giza miaka yake ya mwisho. Pembe zilizotapakaa nyikani baada ya ukame ziliwavuta waokotaji, na bei ya pembe duniani ikapanda wakati huohuo. Waokotaji waliponogewa, pembe za kuokota zikaisha, na kuanzia mapema miaka ya 1970 majangili wenye bunduki walianza kuingia. Hawa hawakuwa wawindaji wa pinde waliomfuata mnyama mmoja kutwa nzima. Kikosi cha Sheldrick, angani kwa ndege ndogo na nchi kavu kwa miguu, kilipambana nao kwa vifaa vichache. Mwaka 1976 sheria mpya iliunganisha shirika la mbuga za kitaifa na idara ya wanyama pori kuwa idara moja ya Serikali, na Sheldrick akahamishiwa Nairobi kuongoza kitengo cha mipango. Aliondoka Voi baada ya kuishi humo karibu nusu ya umri wake. Mei 1977 Serikali ilipiga marufuku uwindaji wote wa wanyamapori nchini. Mwezi uliofuata, Juni 1977, moyo ulisimama ghafla, akafariki akiwa na miaka 57.

Hakuyaona yaliyofuata, na pengine ni afadhali. Ndovu wa eneo la Tsavo, waliokuwa wamekadiriwa kufikia 35,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970, walibaki kama 6,000 kufikia mwaka 1988. Vifaru weusi wa Kenya, waliokadiriwa kuwa 20,000 mwaka 1970, walishuka chini ya 400 katika miaka ya 1980, na maelfu ya vifaru wa Tsavo wakatoweka karibu wote. Mwaka 1986 ilibidi wachache waliosalia wawekewe uzio huko Ngulia, Tsavo Magharibi, walindwe usiku na mchana. Mabishano ya iwapo ndovu wamezidi yalizimika yenyewe. Hakukuwa tena na wa kuzidi.

Kati ya kazi zake iko moja isiyotajwa sana. Mwaka 1963 hirola kadhaa walikamatwa katika eneo la Garissa, wakasafirishwa na kuachiliwa Tsavo Mashariki ili kundi la akiba liwepo iwapo wale wa asili wangeangamia. Hirola ni swala ambaye haishi porini popote duniani isipokuwa Kenya na, ikiwa bado wapo, ng'ambo ya mpaka wa Somalia, na yumo miongoni mwa wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Wengi wa waliosafirishwa walikufa mapema, lakini kundi lilishika. Wengine waliongezwa mwaka 1996, safari hii baada ya wakazi wa Garissa kwenda mahakamani kupinga wanyama wao kuchukuliwa. Baadaye wakazi hao walitenga hifadhi yao wenyewe kwa ajili ya hirola huko Ishaqbini. Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu hirola 497 nchini Kenya, wakiwemo wa Tsavo, ambao idadi yao haijapita makumi.

Mkewe, Daphne, ambaye walioana mwaka 1960, ndiye aliyeliweka jina lake midomoni mwa watu. Katika miaka yao ya Voi nyumba yao ilikuwa makao ya wanyama waliopoteza mama zao, na mashuhuri kuliko wote alikuwa Eleanor, ndovu jike aliyeletwa akiwa yatima na kukua hadi kuwa mlezi wa yatima wengine. Tatizo lilikuwa ndama wachanga wanaonyonya, ambao walikufa mmoja baada ya mwingine kwa kushindwa kuvumilia mafuta ya maziwa ya ng'ombe. Daphne alijaribu michanganyiko kwa miaka mingi, na suluhisho likaja kuhusisha mafuta ya nazi, kitu kilichokuwa kikiuzwa muda wote huo sokoni Mombasa. Mwaka wa kifo cha mumewe alianzisha mfuko wa kumkumbuka, ambao ndio ulioendelea kuwa kituo kinachojulikana leo. Daphne alifariki mwaka 2018.

Sensa hiyohiyo ya 2021 ilihesabu ndovu 36,280 kote nchini, na karibu 15,000 kati yao walikuwa katika eneo la Tsavo. Wanaongezeka, na kwa hivyo maswali ya Sheldrick yamerudi, safari hii yakiwa na mashamba kando yake. Katika vijiji vya Sagalla, chini ya vilima vinavyotazamana na mbuga, wakulima wamefunga mizinga ya nyuki kwenye nyaya zinazozunguka mahindi yao, kwa kuwa ndovu huogopa nyuki, asali huuzwa. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama wa porini. Reli mpya imejengewa vivuko vya chini ili wanyama wapite kutoka mbuga moja hadi nyingine, na wanapita, hasa usiku. Yatima wanaolelewa Nairobi wakishakua, baadhi yao hurudishwa Voi, ambako kila asubuhi hufunguliwa mazizi na kuachwa waende nyikani. Siku wakichagua kutorudi jioni, hawafuatwi.